Kumpepea Madam Vilimani

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kilijengwa kuwa stoo, nyuma ya jiko, katika nyumba ya Riyadh nilimokuwa nikifanya kazi, na kabla sijafika madam alikuwa ameshatoa magunia ya mchele na masufuria ya karamu akaweka humo baiskeli, televisheni pana kama meza, na feni ya kusimama. Baiskeli haikuwa inaenda popote. Gurudumu lake la nyuma lilishikwa na mashine ya chuma iliyokaa sakafuni. Ukikanyaga pedali linazunguka, ukiacha linasimama, na wewe uko pale pale. Lakini mbele yako, ukutani, njia inaenda. Njia nyeupe ya changarawe, nyembamba, inapanda kilima, inashuka, inajificha nyuma ya ukuta wa mawe, inatokea tena ng'ambo ikiwa ndogo kama uzi. Mizeituni kushoto, mizeituni kulia. Na mbali kabisa, siku ikiwa safi huko, kipande cha bahari.

Madam aliiita Bahari Nyeupe, kwa Kiarabu chao. Mimi shuleni niliijua kama Mediterania, na niliikumbuka tu kwa sababu mwalimu wa jiografia alinichapa kwa kuiweka mahali pasipo pake kwenye ramani. Niliishia kidato cha pili. Nasema hivyo mapema ili nikitaja kitu vibaya ijulikane ni kutojua, si uongo.

Kazi yangu katika chumba kile ilikuwa upepo.

Siku ya kwanza sikuelewa. Nilidhani nimeitwa kupangusa vumbi, nikaja na kitambaa changu. Madam akapanda baiskeli, amevaa suruali pana na fulana, nywele amezifunga juu, akanionyesha feni, kisha akanionyesha njia ukutani.

"Hapa inashuka. Upepo mwingi, namba tatu. Hapa inapanda, halas, mafi hawa, hakuna upepo. Zima."

Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha jikoni tu, lakini mkono wake ulieleza vizuri: mkono ukishuka, upepo, mkono ukipanda, hakuna. Alitaka mwili wake uzoee. Kwenye vilima vile mtu akishuka anapigwa na upepo, akipanda anapikwa na jua, na feni inayopuliza sawasawa wakati wote ingemdanganya. Dada yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa amemwalika waendeshe pamoja njia zile, kutoka kijiji hadi kijiji mpaka ufukweni. Madam alijua baiskeli tangu utotoni, kwenye ua wa nyumba ya baba yake kule Jeddah, kisha akafika umri ambao msichana anaambiwa imetosha. Baiskeli ile mpya alinunuliwa na mumewe. Hilo nalisema kwa haki ya mume huyo, ambaye mimi nilimwita baba, kwa sababu alikuwa mtu wa kununa na mtu angeweza kumdhania vingine.

Basi kila alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa, nilisimama kando ya feni nikiitazama njia.

Nilifika kule kupitia ajenti, miaka ile ambapo maajenti walikuwa wakizunguka hadi vijijini na kila boma la kwetu Taita lilikuwa na mtu aliyekwenda au anayesubiri kwenda. Nimesikia mabaya yaliyowapata wengine, na mengine nimeyaona kwa macho, sitaki mtu asome haya adhani nasema hayakuwepo. Yalikuwepo. Lakini ninayoiandika ni nyumba niliyokaa mimi. Katika nyumba ile nilikuwa na chumba changu, nilikula walichokula, na madam akikosa alisema amekosa, japo si mara zote. Mimi nami si mara zote.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Binti yangu nilimwacha kwa mama akiwa na miaka minne, na nilimwahidi kitu kimoja: nitarudi miaka miwili ikiisha, na Januari nitampeleka darasa la kwanza mimi mwenyewe. Mama yangu ni mtu wa zamani. Cheti cha kuzaliwa kinasema nini, hakujali. Kwake mtoto yuko tayari kwa shule akiweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Ndivyo tulivyopimwa sisi. Kwa hivyo kila nilipopiga simu, habari ilikuwa ile ile.

"Mama, bado sijafika. Nimefika hapa."

"Hapa wapi? Sikuoni, hii ni simu."

"Hapa kwa nywele."

Nikasikia mama yangu nyuma yake akisema, "Usipindishe shingo, huo ni wizi."

Vilima vilianza kunifuata nje ya chumba. Nikipiga pasi kanzu za baba, kitambaa cheupe kikijikunja chini ya pasi, niliona njia ikishuka bondeni. Nikimwaga chai kwenye vikombe vidogo, mvuke ukipanda, niliona ule ukungu wa asubuhi ambao kwenye video unakaa chini ya mizeituni kama maziwa yaliyomwagika. Huko nje Riyadh ilikuwa kahawia. Siku nyingine vumbi lilikuja likafuta ukuta wa jirani, likafuta mtende, tukabaki sisi na taa zetu mchana, na mimi nilikuwa najua kwamba nyuma ya jiko kuna mahali ambapo mvua imetoka kunyesha.

Mizeituni niliijua kwa kuisikia kanisani tu. Nilidhani ni mti mkubwa wa heshima. Kumbe ni mti mfupi, umepinda mgongo, na upepo ukiyageuza majani yake yanakuwa ya fedha. Saiprasi niliitambua mara moja, ile ile ya ua wa shule za kwetu, ila kule wanaiacha irefuke peke yake, mmoja mmoja, juu ya kilima, kama mtu anayengoja mwenzake. Kulikuwa na kanisa la mawe lisilo na mlango. Kulikuwa na nyumba yenye madirisha ya buluu na mbwa aliyefungwa, anatoka mbio mpaka mnyororo unamkatalia. Na kwenye kona moja, njia ikianza kupanda, kulikuwa na mzee mwenye kofia ambaye aliinua mkono. Kila siku anainua mkono. Najua ni video, najua alimwinulia mtu mwingine, siku moja tu, na hajui kwamba kuna chumba Riyadh. Lakini kila siku nilihisi tumempita bila kumjibu, na kwetu hilo ni utovu wa adabu.

Siku moja nikamwinulia mkono.

Madam akaniona. Akacheka mpaka akaacha kukanyaga, na njia ikasimama, maana ile video ilikwenda kwa nguvu ya miguu yake, na yule mzee akabaki na mkono juu.

"Unamjua?"

"Simjui, madam. Lakini amesalimia."

Tangu siku ile tulimjibu wote wawili. Yeye alisema, "Wa aleikum salaam, ya ammi," na mimi nikainua mkono, kisha nikazima feni, kwa sababu kilima kinaanza.

Hapo kwenye kilima ndipo tulipokosana kidogo, au niseme tulikubaliana vibaya. Mimi nimekulia mlimani. Kwetu ukipanda alasiri upepo unapanda na wewe. Unatoka kule chini nyikani, Tsavo, kwenye joto, unakuja na mteremko, unakusukuma mgongoni na kuingia chini ya nguo, na ukifika juu umechoka lakini huna jasho. Sikuwahi kuona kilima kisicho na upepo. Kwa hivyo madam alipokuwa anapanda kile kirefu cha mwisho, uso umekuwa mwekundu, jasho linadondoka kwenye mashine, nilibonyeza namba moja.

Akageuza kichwa. "Nimesema zima."

"Madam, mlimani kuna hawa."

"Kuna?"

"Kuna. Inatoka chini, inapanda."

Akafikiri huku anakanyaga. Yeye ni mtu wa jangwa na bahari. Mlima alikuwa anaupita kwa gari, vioo vimefungwa. "Tayyib," akasema. Basi kuanzia siku ile nikaihamisha feni nyuma yake kila tulipoanza kupanda, namba moja, na yeye akawa anafika juu akiimba.

Dereva wa nyumba alikuwa Mkamba wa Kitui, mtu wa makamo, alilala chumba cha getini. Alikuja kuchukua chai mlango wa jikoni, na hakuwahi kuchukua chai bila neno.

"Dada, leo umemfikisha wapi?"

"Tumepita kanisa la mawe, tukashuka mpaka mtoni."

"Na hamjatoka stoo." Akapuliza kikombe. "Watu wamekuja Saudia kulea watoto, wengine kulea wazee. Wewe umeletwa kulea feni."

"Wivu, kaka. Wewe gari lako linaenda kweli, na kila jioni unarudi geti lile lile."

"Hapo umenishika," akasema, akaondoka na chai yake akitikisa kichwa.

Mwaka wangu wa pili, joto lilipoanza kupungua, tulihamia Jeddah kwa miezi, nyumba ya baba yake madam, mtaa wa Ruwais. Nyumba ya zamani, ghorofa za chini wamepangisha, ngazi zina harufu ya samaki wa wapangaji na udi wa wenyewe. Baiskeli na mashine yake vilikuja nasi na vikawekwa chumba cha juu. Hapo kulikuwa na dirisha, na hewa ya Jeddah ilikuwa nzito, ya maji, ukitoka nje miwani inalia. Madam alisema sasa ni wakati wa kujaribu mlima wa kweli. Mjomba wake alikuwa na shamba nje ya Taif, kule juu, lenye njia za changarawe katikati ya mikomamanga, mahali ambapo hakuna wa kumtazama mwanamke aliye juu ya baiskeli ila jamaa zake.

Tulitoka alfajiri. Baba mbele kwa gari lake, sisi nyuma, dereva, madam na mimi, na sanduku la barafu lenye maji na tende. Nilipoona zile ngazi za mawe walizozijenga zamani kuzuia udongo, na miti mifupi iliyoshika mwamba kwa kucha, nilibandika uso kwenye kioo. Dereva akadhani ninaumwa na kona. Sikuwa ninaumwa. Nilikuwa naona kitu cha kwenye ukuta kikiwa na harufu.

Na madam akaenda. Ninaandika hivyo tu kwa sababu sijui namna nyingine. Baiskeli iliyokuwa haiendi ikaenda. Mawe madogo yalikuwa yanalia chini ya tairi, sauti ambayo video haikuwa nayo, abaya fupi ya michezo ikajaa hewa mgongoni, na alipopita chini ya mikomamanga vivuli vilimpita juu kama mikono. Dereva mwenyewe, mtu wa maneno, akasema, "Haki, anajua," na hakuongeza kitu.

Kisha njia ikaanza kupanda.

Nilingoja upepo. Nilishusha kioo nikatoa mkono nje. Hewa ilikuwa imesimama. Kilima kile kilikuwa kimegeuzia mgongo upande wowote upepo unakotoka, na jua lilikuwa limeshapasha mawe. Madam akapunguza mwendo, akayumba, akakanyaga tena, akayumba, kisha akashuka, akakaa juu ya jiwe, akatapika.

Baba alifika kwanza. Alivua kile kitambaa chake cha kichwa, akakishika kwa mikono miwili juu ya mkewe kuwa kivuli, akasimama hivyo hivyo kichwa wazi kwenye jua. Mimi nilikimbia na maji, na nilipofika sikujua nifanye nini na mikono yangu, kwa hivyo nikachukua kifuniko cha sanduku la barafu nikaanza kumpepea.

Madam akanitazama. Uso wake ulikuwa wa majivu, lakini mdomo ulianza kucheka kabla yake.

"Binti. Huu mlima hauna upepo."

"Nimeona, madam."

"Sasa ule ulionipa mimi, ulitoka wapi?"

"Kwetu."

Akamgeukia mumewe, akamweleza kwa Kiarabu cha haraka, na nilisikia neno moja moja: feni, mlima, Kenya. Baba hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama kilima, akasema kitu kifupi, na madam akanifasiria baadaye garini: "Anasema ulinipa upepo wa kwenu, na ni hadiya nzuri, lakini siwezi kwenda nao safarini."

Nilitaka kulia, na sijui kama ilikuwa aibu ama kule upepo wa kwetu kuitwa zawadi.

Jioni ile, tuliporudi Ruwais, madam alikuja jikoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitu ambacho hakuwa akifanya, akachukua ganda la kitunguu akawa analikunja.

"Baridi ikiisha tutakwenda, mimi na dada yangu. Kuna nyumba ya mawe, katikati ya mizeituni. Njoo na sisi. Utapika kidogo. Jioni utatembea kwenye ile njia kwa miguu yako."

Niligeuka nikapunguza moto chini ya maji yaliyokuwa yanachemka.

"Lakini pasipoti ni moja," akasema. "Kama unakuja, inapelekwa ubalozini kuombewa viza mwezi wa kumi na mbili na hatujui itatoka lini. Utarudi kwenu baada ya vilima, moja kwa moja. Sikulazimishi. Mtoto ni wako. Fikiri."

Hapa ndipo ninapojitilia shaka kila nikisoma nilichoandika. Ni rahisi kusema nilimfikiria mtoto wangu usiku na mchana. Ukweli ni kwamba nilivifikiria vilima. Nilijua mahali nitakaposimama: ile kona ya mzee. Nilijiuliza kama mbwa yule bado yupo, kama kanisa lina baridi ndani. Nilijiambia darasa la kwanza ni mlango tu, na mama yangu ana miguu, anaweza kumpeleka. Nilijiambia mtu kama mimi haitwi mara mbili mahali kama pale. Yote hayo yalikuwa kweli, na bado yako kweli. Mchana nilikaanga samaki, nilikunja mashuka, na nilikuwa natembea kwenye njia nyeupe kati ya mizeituni, peke yangu, bila ndoo, bila mtoto mgongoni, bila mtu wa kuniita.

Ijumaa madam aliniruhusu niende Ghulail na dereva, nikanunue begi la shule. Nilitaka begi litangulie, lolote nitakaloamua. Ghulail ni mtaa wetu sisi Waafrika, vibanda vimebanana, na ukisimama dakika chache lazima usikie lugha ya nyumbani kwa mtu. Njiani nilimweleza dereva jambo lote.

"Nenda," akasema. "Mtoto atakuwa darasa la kwanza mwaka mzima. Vilima vya bure utaviona lini?"

"Unasema kweli au unanipima?"

"Sijui." Akaendesha kidogo. "Mimi wangu nilimkuta darasa la nne. Alinipa mkono, akasema karibu. Kama mgeni wa kanisa. Lakini ada ililipwa. Kwa hivyo sijui, dada, usinifanye mchungaji."

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kisudani, mpole. Mabegi yalining'inia juu ya kichwa chake, makubwa kwa madogo. Akaniuliza ni la nani, nikasema la binti yangu. Akauliza ana miaka mingapi, nikasema. Akasema miaka haimwambii kitu, wako warefu wako wafupi, nimwonyeshe ana kimo gani.

Nikanyoosha mkono. Nikauweka kiunoni mwangu. Nikaona hapana, hapo ndipo nilipomwacha. Nikaupandisha. Nikaona nimepita, nikaushusha kidogo. Mkono ukawa unapanda na kushuka mbele ya watu, hauna pa kukaa. Mzee wa Kisudani alingoja kwa adabu. Dereva akajifanya anakagua viatu.

"Chukua kubwa," mzee akasema mwishowe. "Atalifikia."

Nikachukua kubwa. Garini dereva hakutania hata mara moja, na tulipofika daraja la kuingilia Ruwais nilikuwa nimeshaamua, ingawa sikuwa nimejiambia.

Jumapili nilipopiga simu, binti yangu hakusubiri salamu.

"Mama, nimegusa."

"Sikio?"

"Sikio. Na kidole hiki kirefu."

"Hujapindisha shingo?"

"Nimepindisha kidogo. Nyanya amesema inatosha, ya kweli itakuja Januari ukiwa hapa."

Siku iliyofuata nilisimama kando ya feni kwenye chumba cha juu. Tulikuwa tumeshakubaliana, tangu Taif, kwamba mlimani sasa ni kuzima kabisa. Nilitafuta mahali pa tambarare pa kusemea, nisimwambie akiwa anapanda, nisimwambie akiwa anashuka na feni inavuma. Kuna kipande kifupi kama hicho baada ya mto, mashamba ya ngano pande zote mbili.

"Madam, Januari nitakuwa kwetu."

Hakuacha kukanyaga. Ngano ikapita. Ikaja kona, mzee mwenye kofia akainua mkono, na hakuna aliyemjibu. Nikazima feni. Alipanda kilima kile chote na sauti pekee chumbani ilikuwa pumzi yake na cheni, na mimi niliona kila mzeituni ukija na ukienda, nikaitazama kama mtu anayepitishwa kwenye nyumba ambayo hatapanga.

Alipofika juu alishuka, akachukua taulo, akatoka. Nilirudi jikoni nikiwa na hofu, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeona madam wengine wakikataliwa jambo. Nilikata vitunguu. Baadaye kidogo alikuja, nywele bado mbichi, akaweka pasipoti yangu, aliyokuwa akiitunza yeye tangu nifike, mezani, karibu na maganda.

"Iweke wewe."

"Bado kuna wiki nyingi, madam."

"Najua." Alisimama mlangoni. "Nimekasirika kidogo. Itaisha, usinisemeshe leo."

Ikaisha siku ya tatu. Nilipika wali siku ile ya kwanza pasipoti ikiwa mfukoni mwa aproni, inanigonga pajani kila nikigeuka, na furaha niliyokuwa naitarajia ilikuja na huzuni imeshikana nayo mkono, sikuweza kuzitenganisha.

Madam alikwenda vilimani, niseme hilo sasa. Dereva aliniletea habari kwenye simu: waliendesha mpaka ufukweni, alianguka mara moja, akaamka. Alinipa na ujumbe wa madam: huko upepo upo mlimani, ila unatoka mbele.

Januari yetu ilikuwa ya ukungu. Shule iko juu ya kijiji, njia ni ya udongo mwekundu na mawe, na binti yangu alitangulia kwa sababu alisema mimi ninatembea polepole kama mtu wa Saudia. Begi lilimfika magotini. Nyumbani, kabla ya kutoka, alikuwa amegusa sikio mbele yangu, shingo imenyooka, na mama yangu akapiga kofi moja tu la kuridhika. Nilikuwa nimeiwaza ile safari ya kwenda shule kwa miaka miwili: atanishika mkono, atalia getini, nitamfuta machozi.

Hakulia. Getini aliniachia mkono na kuingia, kichwa mbele, hakugeuka. Wazazi wengine walikuwa wanabembeleza watoto wao. Nilisimama na mkono wangu mtupu, ukungu unapita kati yangu na madarasa, na nikawaza, kwa muda mfupi lakini nikawaza, kwamba mama yangu angeweza kweli kumleta, na kwamba sasa hivi pasipoti yangu ingekuwa ubalozini. Ninaliandika kwa sababu lilitokea.

Kisha nikamwona anarudi. Alikuwa anakimbia, begi linampiga miguu, mwalimu anamwita nyuma yake. Akasimama upande wa ndani wa geti, akashika chuma.

"Mama. Tukitoka utakuwa hapa, ama utakuwa umeenda?"

"Nitakuwa hapa."

"Hapa hapa?"

Nikamwonyesha mahali, kipande cha nyasi kando ya ua, chini ya ubao wa shule. Akapatazama vizuri, kama mtu anayepima, akaondoka.

Wazazi wengine waliondoka mmoja mmoja. Mlinzi akaniambia mama, rudi nyumbani, hawa wanatoka mchana. Nikamwambia najua. Nyasi zilikuwa na umande, nikakaa hivyo hivyo. Jua lilipotoka kivuli kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, upande wa pili wa barabara, lakini madirisha ya darasa la kwanza yalikuwa yanatazama huku, na sikuhama.